Vitenge Kumi na Viwili Ndani ya Mashine

Mashine ya kufulia nguo iliingia Likasi mwezi wa Juni 1995, juu ya lori lililotokea mpakani Kasumbalesa, imekaa katikati ya magunia ya unga wa mahindi kama bibi harusi aliyekosea gari. Clotilde, aliyeolewa Ubelgiji, alikuwa amemtumia dada yake Angèle. Wanaume wanne waliishusha mbele ya nyumba katika kambi ya Panda, na majirani wakaja kutazama lile dirisha lake la mviringo. Angèle aliitazama pia, mikono kiunoni, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa hili:

"Maji yake itatoka wapi?"

Halikuwa swali la mtu asiye na shukrani. Bomba la Panda lilitoa maji mara mbili kwa wiki, na siku nyingine lilitoa upepo tu. Umeme nao ulikuwa na tabia zake. Mto Lufira haujawahi kukauka, turbini za bwawa la Mwadingusha zilizunguka, lakini kati ya huko na nyumba ya Angèle kulikuwa na nguzo zilizoanguka na wezi wa nyaya za shaba, na kile kilichobaki kilifika kimechoka. Jioni taa ilikuwa nyekundu kama kaa la mkaa. Mara nyingine, bila sababu, ilipanda ghafla ikawa nyeupe, na kila mtu akakimbia kuchomoa vitu vyake ukutani.

Nyumba ya Angèle ilikuwa imejaa vitu vya namna hiyo. Friza ya sebuleni ilikuwa kabati la kufichia unga usiliwe na panya. Simu ya kuzungusha namba ilikuwa kimya tangu 1991, lakini mumewe, Évariste, hakutaka iondolewe, alisema mstari unaweza kurudi. Televisheni ilionyesha chenga, na ili kuziona chenga hizo vizuri ilihitaji kifaa cha kutuliza umeme kikubwa kuliko yenyewe, chenye mngurumo uliofunika sauti. "Tuko na kila kitu," Angèle alipenda kuwaambia wageni. "Ile yenye inatumika tu njo hatuna nayo."

Évariste hakucheka. Alikuwa fundi umeme kiwandani kwa miaka ishirini na miwili, na sasa kiwanda kilimwita siku mbili kwa wiki, siku nyingine kilimsahau. Mashine ilimpa kazi. Aliinua pipa juu ya matofali nyuma ya nyumba, akalijaza ndoo kwa ndoo, akaingiza mpira dirishani mpaka kwenye mashine. Ili kufua mashuka manne, Angèle alibeba ndoo kumi na sita. Zamani, kwa beseni, alibeba sita.

"Mashini inafua," alimwambia mumewe. "Minye nabeba. Sasa ni nani boyi wa mwenzake?"

"Ngoja, Mama Viviane. Tutaizoea."

Laiti angeishia hapo. Lakini Jumapili moja ya Agosti, baada ya misa, Évariste alisimama kwenye uwanja wa kanisa akawaeleza wanawake wa chama cha parokia jinsi mashine ile inavyofua, inavyosuuza na kukamua yenyewe. Wanawake wale walikuwa wametoka kwenye hija juu ya lori la wazi, na vitenge vyao vya chama, vyeupe vyenye maua ya buluu, vilikuwa vimeiva kwa vumbi jekundu la kiangazi. Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria ilikuwa inakaribia. Mama Hortense, rais wa chama, mwanamke mrefu asiyependa kurudia neno, alimtazama Évariste tangu viatu mpaka kofia.

"Njo vile? Basi tutaleta."

Wakaleta. Jumatano saa nne asubuhi vitenge kumi na viwili viliingia ndani ya mashine, na hakuna aliyemuuliza Angèle. Évariste alifunga mlango, akabonyeza, akakaa mbele ya dirisha kama mtu anayetazama mpira. Nguo zilizunguka. Povu lilipanda. Hata Angèle alisogea kidogo, huku akijifuta mikono.

Ndipo taa ya jikoni ikawaka nyeupe, mchana, kama jua la pili. Mashine ikaguna, ikazunguka mara moja kwa hasira, harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka, na kila kitu kikanyamaza. Taa ilizimika. Mtaa mzima ulizimika. Nyumba ya tatu kutoka hapo mtu alitukana kwa sauti, kwa Kifaransa.

Évariste alivuta mlango. Haukufunguka. Akavuta tena, akaweka mguu ukutani.

"Kufuli yake imeyeyuka mundani," alisema.

"Fungula basi."

"Nakuambia imeyeyuka."

"Na bikwembe bya bamama?" Angèle aliuliza, akionyesha vitenge nyuma ya kioo.

Évariste alipiga magoti. Chini ya mashine kulikuwa na kizibo kidogo. Alikifungua akatoa maji kwenye beseni. Angèle aliyatazama maji yale. Yalikuwa ya buluu.

Siku tatu zilizofuata Évariste hakulala vizuri wala hakukaa. Dawa ilikuwa rahisi kuieleza: ondoa kifuniko cha juu, ingiza mkono, sukuma kufuli kwa ndani. Lakini kifuniko kilishikwa na skurubu sita zenye shimo la nyota, na katika maisha yake ya ufundi alikuwa hajawahi kukutana na kitu hicho. Alijaribu bisibisi bapa. Alijaribu ya msalaba. Alijaribu kisu cha mezani, ncha ikavunjika. Kitabu cha mashine, katika ukurasa wake wa mwisho, kilimshauri asifungue kitu chochote mwenyewe bali amwite fundi aliyeidhinishwa wa karibu, na kikampa anwani: Liège, Namur, Charleroi.

Ijumaa alikwenda mtaa wa Kikula kwa Dodo, mtengenezaji wa redio, ambaye meza yake ilikuwa na kila chombo ambacho mtu angeweza kukiota. Dodo alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Papa Évariste, bale Bazungu habatake muntu afungule. Banakuuzia kintu, banabakia na ufunguo."

"Zamani haikukuwa vile. Ile frigo ya baba yangu, uliifungula na franga moja tu, sarafu ya chuma."

"Zamani," Dodo alisema, "balijua itaharibika, balikusaidia mbele."

Jumamosi Angèle alimwomba mumewe avunje mlango. Alimwomba kwa upole kwanza. Aliinama, akanusa kando ya ile raba ya dirisha, akamwita naye anuse. Harufu ilikuwa ya kitambaa kilichosahauliwa mvuani.

"Nikivunja, mashini imekufa," Évariste alisema. "Ile kioo, katika Katanga yote hutaipata."

"Imekufa tangu Jumatano! Weye tu njo hauyasikia habari ya kilio."

"Mama Viviane, nipatie siku moja."

Akampa. Akampa na ya pili. Jumatatu alipoamka kitanda kilikuwa kitupu na baiskeli haikuwepo. Juu ya meza kulikuwa na karatasi: *Naenda Kapolowe, kwa frère wa atelier. Usiguse kitu.* Kapolowe, kwa bruda wa karakana ya misheni, zaidi ya kilomita thelathini za vumbi, kwa baiskeli isiyo na breki ya nyuma, kwa mtu wa miaka hamsini na moja! Angèle alisoma karatasi ile mara mbili, na mara ya pili ilimkasirisha zaidi.

Saa nne Mama Hortense alifika na wanawake watatu. Hawakukaa. Walisimama jikoni mbele ya lile dirisha, na ndani yake vitenge vyao vilikuwa vimelala pamoja, vimebanwa kwenye kioo, na ua moja la buluu limetazama nje.

"Kesho ni Asompsio, sikukuu ya Mama Maria," Mama Hortense alisema.

"Najua, Mama Présidente."

"Bamama kumi na mbili batasimama mbele ya padri. Batavaa nini? Bavae mashini?"

Mmoja wa wale watatu alicheka, kisha akajuta.

"Bwana yangu ameenda kutafuta turnevis," Angèle alisema, akionyesha skurubu za nyota.

"Wapi?"

"Kapolowe."

Mama Hortense alifumba macho kidogo, kama mtu anayesali asimtukane mwenzake. Angèle aliona aibu ikimpanda shingoni. Hakuiomba mashine, hakuviomba vitenge, hakumtuma mtu Kapolowe, na bado aibu ilikuwa yake peke yake. Aliingia chumbani, akavuta sanduku la zana la mumewe kutoka chini ya kitanda, akatoka na nyundo na patasi ya chuma.

Mkono wake wa kulia ulikuwa mbovu. Miaka miwili kabla alianguka kisimani, kifundo kikavunjika, kikaunga vibaya, na tangu hapo hakuweza kukamua hata taulo. Kwa hiyo alishika patasi kwa ule mbovu na nyundo kwa mkono wa kushoto. Pigo la kwanza liliteleza, likachubua rangi. La pili lilimgonga kidole. Hakuna aliyejitolea kumsaidia. Wanawake walikuwa wamerudi nyuma mpaka mlangoni. La tatu, alilipiga kwa ajili ya ndoo kumi na sita, na fremu ya mlango ikapasuka toka juu hadi chini, kufuli ikaruka, mlango ukafunguka wenyewe kwa adabu kabisa.

Harufu iliwatoa wote nje.

Walivibeba vitenge mpaka uani, wakavitandaza. Buluu ya maua ilikuwa imekimbia kwenye weupe, ikajikusanya hapa na pale kama ramani ya nchi isiyojulikana. Vyote kumi na viwili. Mama Hortense aliinua kimoja kwenye jua, akakigeuza, akakishusha. Angèle alisubiri.

"Leta beseni," Mama Hortense alisema. "Na sabuni ya kweli, hapana ile ya unga."

Wakafua kwa mikono, wanawake watano, mpaka maji ya pipa yakaisha. Harufu ilitoka. Madoa hayakutoka. Angèle alipojaribu kukamua, Mama Hortense alimnyang'anya kitambaa bila kumtazama, akakikamua mpaka kikalia. "Weye anika," alisema. Katika sauti yake hamkuwa na msamaha, lakini hakumwacha.

Évariste alirudi saa kumi jioni, vumbi mpaka kwenye kope, suruali imechanika gotini. Aliona kamba uani zimejaa vitenge, akaelewa, lakini aliingia jikoni hivyo hivyo. Angèle alimfuata. Mumewe alichuchumaa mbele ya mlango uliopasuka, akatoa leso mfukoni, akaifungua polepole. Ndani yake kulikuwa na bisibisi ya nyota.

"Niliipata," alisema.

Akaiweka kwenye skurubu ya kwanza. Haikuingia. Akajaribu ya pili, na ya tatu, na zote sita. Nyota ya frère ilikuwa kubwa kuliko nyota ya mashine.

Angèle alikuwa amejiandaa kwa ugomvi tangu asubuhi. Maneno aliyokuwa ameyapanga yalikuwa mengi na mengine mazuri sana. Sasa alimwona mumewe ameketi sakafuni, na yakamtoka mengine.

"Nani alikutuma, Évariste? Eh? Kapolowe na baiskeli! Ungekufa mu njia sababu ya kabati ya Clotilde. Minye sikuiomba hii kitu. Hata siku moja sikuiomba!"

"Najua. Ni minye niliiomba."

"Unasema nini?"

"Nilimwandikia Clotilde mwaka jana. Nilituma barua na muntu wa parokia." Alikuwa akiifunga tena bisibisi ndani ya leso, kona kwa kona. "Nilikuona pale inje, na mashuka. Ulikuwa unakanyaga mashuka na miguu sababu mukono haiweze kukamua, na unalia. Haukuniona. Nikasema, kazi yangu ni kuran, ni umeme. Nitamufanyia kitu na kuran."

Hasira ya Angèle ilikuwa bado ipo, haikuwa imekwenda popote. Ila sasa hakujua aielekeze wapi.

"Évariste," alisema mwishowe, "weye uko na mikono mbili mizima."

Évariste aliitazama mikono yake.

"Barua ile, uliandika na nini? Haukuandika na mikono?"

Siku ya pili wanawake kumi na wawili waliingia kanisani kwa mistari miwili, na vitenge vyenye mawingu ya buluu. Watu walinong'ona. Mama mmoja wa parokia nyingine aliuliza kitambaa kile kipya kinauzwa wapi, na Mama Hortense akamjibu kwamba hakiuzwi. Angèle alimwomba radhi baada ya misa, mbele ya wote. Mama Hortense alikubali, lakini kwa miezi mingi baadaye, kila jambo lilipochelewa katika chama, aliuliza kama na lenyewe limefungwa ndani ya mashine. Ilibidi kuvumilia.

Wiki iliyofuata Évariste alirudisha bisibisi Kapolowe, safari hii kwa lori. Na Jumamosi yake, Angèle alipoweka beseni uani, alimwita. Alikuja akiangalia kushoto na kulia. Mwanamume kukamua mashuka mbele ya njia, katika kambi ya Panda, lilikuwa jambo la kuhadithiwa. Walishika shuka, kila mtu upande wake; Angèle alishikilia tu, mumewe akasokota. Fundi mmoja wa kiwandani alipita na baiskeli, akapunguza mwendo.

"Ba Évariste! Njo kazi mupya hii?"

Évariste hakuinua kichwa. Alisokota mara moja zaidi, maji yakamwagika kwenye viatu vyake.

"Njo kazi," alijibu. "Na haina na skurubu hata moja."

"Kamua," Angèle alisema. "Bado iko na maji."