Daraja la Kwenda kwa Mama

Nyanchera alikuwa fundi wa kompyuta mjini Nyamira, na ujuzi wake ulimtia kichwa kikubwa kidogo. Ndugu zake, wakiwamo Persis na Jethro, waliotawanyika Nairobi na Marekani, aliwawekea seva yao wenyewe ya kuchati, dukani kwake, kisha akaunda daraja la kupeleka ujumbe wao hadi kikundi cha WhatsApp alichokuwamo mama yao, kule Nyaramba. Mama hakutaka kusikia habari ya programu nyingine.

Asubuhi hiyo alikuwa ametoka tu kupanga upya mipangilio ya daraja, simu ikalia kutoka Kisii. Kaka yao Mathew, aliyelazwa kwa upasuaji mdogo tu, alikuwa amefariki.

Habari kama hiyo mama hapewi kwa simu. Baba mdogo Obadiah alishaondoka na wazee wawili na wake zao, wakamketishe kwanza, wawepo wa kumshika. Nyanchera akaandika kwenye chumba cha siri cha kuchati cha ndugu peke yao, kisichotakiwa kuunganishwa na daraja: "Mathew ametutoka. Mama hajui. Mtu asiseme." Akabonyeza, akafuta machozi, akatazama skrini ya pili.

Akasoma mara mbili. Anwani ya chumba aliyoinakili asubuhi kwenye mipangilio ya daraja haikuwa ya chumba cha familia. Ilikuwa ya hiki cha siri! Daraja lilikuwa limeuchukua ujumbe, linausukuma kwa mama, na mtandao wa kusuasua ndio pekee uliouzuia. Linajaribu tena. Linajaribu tena. Nani alimtuma kujifanya mjuzi? Hakungoja kutafuta amri ya kuzima. Aling'oa waya wa umeme wa seva ukutani.

Akafungua kikundi kwenye simu yake. Aliona salamu za mama tu; hakuna kilichopita. Akashusha pumzi, akaamua daraja likae limezimwa mpaka wazee wafike.

Simu ikalia. Mama.

"Nyanchera, nimewasalimia kwenye kikundi tangu nilipokamua ng'ombe. Persis kimya. Jethro kimya. Hata wewe. Mmegombana?"

"Hapana, mama. Ni... mitambo imeharibika."

"Mitambo." Mama akalirudia neno hilo. "Na Mathew anaendeleaje?"

Nyanchera akaibana simu sikioni. Ndani ya simu, kwa mbali, alimsikia Obadiah akipiga hodi, na viatu vya watu wengi.

"Usiniambie, omwana one," mama akamwambia mwanawe taratibu. "Wamekuja kuniambia."