Mafuta ya Usukani wa Yonasi

Je, wewe unayesikiliza, umewahi kusikia usukani wa mashua ukilia? Ule wa Yonasi ulilia kama mbuzi aliyefungwa vibaya. Watu wa Ivuna, kandokando ya Ziwa Rukwa, walijua Yonasi anarudi kabla hawajaliona tanga lake.

Aliyeumizwa zaidi na kilio kile ni mkewe, Ketrina. Mama yake mzazi, bibi Nesta, aliishi ng'ambo, upande wa Ufipa, na habari zilikuwa zimefika kwamba macho yake yanaingia ukungu. Ketrina alitaka mama aione sura yake kabla macho hayajafumba kabisa. Lakini mke wa watu akisema tu "nataka kwenda kwa mama," siku hiyohiyo mawifi wanaanza kuulizana kapigwa au kanyimwa chakula. Basi miaka minne akanyamaza. Tena Yonasi alikwisha kuapa: "Mashua hii haibebi mwanamke mpaka usukani utii." Ulikuwa umegoma mara mbili katikati ya ziwa, na mara ya pili nusura uwatupe juu ya viboko.

Mwaka wa 1939, mvua zilipokwisha, Yonasi na mdogo wake Kefa waliivuta mashua mchangani wakaung'oa usukani. Bawaba zake za chuma zilikuwa kavu, zimekwaruzika, kana kwamba hazijawahi kuonja mafuta.

"Nimepaka mafuta ya mkia wa kondoo, yale mazito," Yonasi akalalamika. "Kabla yake nilipaka samli. Siku tatu majini, hakuna kitu!"

"Labda samaki wanaramba," Kefa akasema.

"Mrambaji ni wewe. Samli ile ilipungua nusu kabla haijafika mashuani."

Kefa akacheka, akatoa kopo la grisi alilobadilishana kwa chumvi na dereva mmoja kule Tunduma. "Hii ni ya magurudumu ya lori, kaka. Lori zima linatii, sembuse ubao?"

Ketrina alikuwa hatua chache tu kutoka kwao, anakoroga chungu cha sabuni. Mwiko ukasimama.

"Baba Lusungu," akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "mimi hapa napika nini?"

"Sabuni. Si unaiona?"

"Kwa vitu gani?"

"Mafuta ya kondoo na magadi."

"Na maji ya ziwa letu yana ladha gani?"

Maji yale yana magadi, hata mtoto anajua.

"Basi mnapika sabuni na hamjui," Ketrina akasema. "Kila safari mnauogesha huo usukani."

Hakutaka waamini maneno matupu. Alichota maji ya ziwa katika vibuyu vitatu, akatafuta misumari mitatu yenye kutu, akaipaka: mmoja mafuta ya kondoo, mmoja grisi, mmoja nta ya nyuki. Akaanza kuisugua ndani ya maji, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Wa kondoo ukatoa povu. Grisi ya lori ikageuka nyeupe kama uji, ikauacha msumari mtupu. Nta ilibaki, ila ilikuwa ngumu, ikapasuka vipandevipande.

Akaiyeyusha upya na mafuta ya nyonyo, yale ya mbegu za mbarika. Mara ya kwanza ikawa laini mno, ikateleza. Akaongeza nta. Vijiko vitano vya nta kwa kimoja cha nyonyo, hapo ikabonyea chini ya kidole bila kupasuka.

"Shemeji," Kefa akauliza, "tunasafiri, au tunawasha mishumaa kanisani?"

"Wewe leta kuni. Na kamba za tanga usizipake kitu cha kuliwa, panya wana pua."

Wakazipasha bawaba moto kidogo, wakazijaza ile nta ingali vuguvugu, wakaurudisha usukani, na wale ndugu wawili wakaondoka na magunia ya chumvi.

Siku tatu Ketrina alipukuchua mahindi bila kuyaona. Ya nne, mchana, alinyanyua kichwa: tanga lile, liko karibu kabisa, na yeye hakusikia chochote. Akakaa mchangani, akacheka peke yake mpaka mawifi zake wawili wakaja kumtazama.

Yonasi aliruka majini kabla mashua haijagusa nchi. Akamshika mkewe mkono, akakipeleka kidole chake kwenye bawaba. Nta ilikuwapo, yote.

"Upepo ulitugeuka katikati," akasema, anahema kwa furaha. "Nikasukuma kwa mkono mmoja! Mmoja! Mama Lusungu, sema. Safari ijayo nikuletee nini kutoka ng'ambo? Kaniki? Kitoweo?"

Mawifi walikuwa wamesimama palepale, masikio wazi. Ketrina aliwatazama, kisha akamtazama mumewe.

"Usiniletee kitu. Nipeleke. Namtaka mama yangu."