Sentensi ya Kuruka

Kampuni ya kuyeyusha shaba ilipotaka programu ya kuwaita wafanyakazi wa tanuri wakapimwe mapafu kila baada ya miezi sita, kazi walipewa watu wawili. Lugha ya kompyuta waliyoandikia ina sentensi za makundi mbalimbali. Ziko zinazotangaza majina ya vitu, ziko zinazoita programu nyingine, ziko zinazosoma na kuandika katika hifadhi ya data, na ziko zinazoamua: ikiwa hivi, fanya, ikiwa sivyo, ruka. Papa Michée, aliyekaribia kustaafu, alichukua za kutangaza na za hifadhi. Benita, ambaye mzee huyohuyo ndiye aliyemfundisha kazi, alichukua za kuamua.

Siku mbili kabla ya kuanza kutumika, programu ilikwama. Wafanyakazi arobaini na mmoja waliohamishwa kutoka bohari ya Sakania hawakuwa na namba ya idara, na kila ilipowafikia ilisimama. Benita akaandika sentensi moja fupi: ikiwa namba ya idara haipo, ruka, nenda kwa anayefuata. Programu ikaenda bila shida. Alijiambia kwamba Jumatatu angewatafutia wale watu namba zao. Jumatatu ikaja na kazi nyingine, akasahau.

Ikapita miaka miwili. Ndipo Yusufu, mmoja wa wale wa Sakania, fundi wa kubomoa matofali ya tanuri na kuyajenga upya, alipoanguka kazini kwa kukosa pumzi. Daktari alisema mapafu yamejaa vumbi, na kwamba wangempima mapema wangemwondoa kwenye vumbi hilo. Hakuwa ameitwa hata mara moja.

Tume iliundwa, mkubwa wake Monsieur Clément. Majina yamepotea, wakasema, basi kosa liko kwenye hifadhi. Papa Michée hakubisha.

"Kusoma majina njo kazi yangu," alisema. "Kama bantu balipotea pale, ni miye."

Benita alikuwa ameketi kando yake. Mchana ule aliifungua programu, akaikuta sentensi yake palepale alipoiacha. Aliifunga haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Siku tisa alinyamaza. Kila saa ya chakula Papa Michée alibaki mezani, karatasi zimetandazwa, akipita mstari kwa mstari na rula na kalamu nyekundu. Siku ya tano alimsogezea.

"Mutoto yangu, angalia na macho yako. Miye sione kosa."

Benita aliinama akajifanya anasoma. "Hata miye sione, Papa."

Na kweli kwenye karatasi zile, zenye sentensi za mzee tu, kosa halikuwepo. Ukweli huo ulimchoma kuliko uongo.

Jumamosi alinunua machungwa akaenda mtaa wa Kasungami kumwona Yusufu, akidhani moyo utatua. Mariam, mke wa Yusufu, alimkaribisha vizuri, akamwekea kiti. Yusufu alikuwa ameegemezwa mito, akiongea maneno mawili matatu, kisha anapumzika.

"Niliuliza chef wa kazi," alisema, "juu ya nini bengine banaitwa, miye hapana. Akasema... machine inachagua." Akavuta pumzi. "Nikawaza... machine iliona niko muzima."

Benita alishika kiti kwa mikono miwili. "Haikuona kitu, Papa Yusufu. Ni miye niliiambia ikuruke."

Mariam ndiye aliyesema kwanza, bila kupaza sauti.

"Ni yeye peke yake?"

"Hapana. Bengine beko arobaini."

"Na bao banajua?"

"Bado."

"Sasa unafanya nini hapa na machungwa?"

Jumatatu asubuhi Benita aliingia mbele ya tume kabla hajaitwa, akaionyesha sentensi, akasema ni ya kundi lake na ni ya mkono wake. Monsieur Clément aliandika. Papa Michée alivua miwani.

"Ile siku nilikuonyesha makaratasi, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, Papa."

Mzee alizikusanya karatasi zake, akazilinganisha pembe vizuri, akatoka. Hakumtukana. Benita angeshukuru kama angemtukana.

Wale arobaini waliitwa wiki hiyohiyo. Sita walikutwa na vumbi mapafuni, wakaondolewa kwenye tanuri. Benita alitolewa kwenye programu, akapelekwa kupanga majalada ya zamani, na hakulalamika. Papa Michée alistaafu miezi mitatu baadaye. Kwenye sherehe aliwapa wote mkono, naye Benita akapewa, mkono mwepesi, macho yakiangalia kwingine.

Yusufu hakurudi kazini. Benita aliwaandikia yeye na Mariam ushahidi wenye saini yake, ili kampuni isikatae kumtibu, na mara moja kwa mwezi huenda Kasungami. Siku nyingine Mariam humfungulia, wakamgeuza mgonjwa pamoja na kumbadilishia shuka. Siku nyingine husema mlangoni kwamba Yusufu amelala, huku kikohozi kikisikika ndani. Benita huitikia, "Sawa, Mama," akageuka kufuata barabara ya vumbi.