Maji Yaliyochemshwa Mpaka Nusu

Mimi nina mdomo, wanafunzi wangu wanajua. Ukisinzia kwenye kipindi changu nitakuuliza mbele ya wenzako kama kitanda cha kwenu kimevunjika. Miaka kumi na minne nafundisha watoto wanaoanza kemia jambo lile lile: kila atomu ina kiini, ndani ya kiini mna protoni, na idadi ya protoni ndiyo inayoipa elementi nafasi yake kwenye jedwali. Kalsiamu ishirini. Risasi themanini na mbili. Moto wa jikoni unachezea elektroni za nje tu. Kiini haukigusi ng'o.

Nyumbani nina mume, fundi betri, na binti wa miaka sita tunayemwita Kasuku kwa jinsi anavyoropoka. Mume wangu huvunja betri chakavu za magari nyuma ya nyumba, huyeyusha risasi yake na kuiuza. Tindikali na majivu humwaga shimoni, hatua chache kutoka kisima chetu. Nilimkataza mara ngapi! "Mwalimu, punguza hotuba," ananijibu, tunacheka, yanaisha.

Kasuku akaanza kulalamika tumbo. Nikasema ni vijidudu vya kisimani, na dawa ya vijidudu nani asiyeijua? Nikachemsha maji. Tumbo halikupoa, nikazidi kuchemsha, sufuria inatokota mpaka maji yanabaki nusu. Nayapoza, namnywesha kwa mkono wangu. "Kunywa mama, haya ni safi."

Kisha akaanza kusahau. Mtoto aliyekuwa akihesabu mpaka mia akawa anakwama kumi na tatu, ananikodolea macho tu. Nikamfinya sikio. Nikamwita mvivu. Mungu anisamehe, siku moja nilimwita mzigo. Shangazi yake akaniambia, "Wifi, huyu mtoto anaumwa, si mkaidi." Nikamjibu kila mtu alee wake.

Wiki hiyo hiyo, darasani, msichana wa dawati la mbele akauliza: maji yenye risasi yakichemshwa, risasi inakwenda wapi?

"Haiendi popote," nikamwambia. "Maji ndiyo yanapanda hewani kwa mvuke. Risasi inabaki kwenye sufuria, na maji yaliyobaki yanazidi kuwa sumu. Andikeni."

Wakaandika. Nikafuta ubao, nikaenda nyumbani, nikawasha jiko.

Jumamosi asubuhi Kasuku alishikwa na degedege akiwa anavaa viatu. Tulimkimbiza hospitali, mume wangu amembeba, mimi nyuma yao na kiatu kimoja mkononi. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, akamtoa damu ikapimwe. Aliporudi na karatasi alifunga mlango kwanza.

"Ni risasi," akasema. "Mwili unaidhania kalsiamu, unaipeleka kwenye mifupa. Iliyo kwenye damu tutaipunguza kwa dawa. Ya mifupani itachukua miaka. Ila akili, wazazi wangu, sitawadanganya. Iliyokwisha kuharibika huenda isirudi."

Mume wangu alilia kwa sauti, mtu mzima na mikono yake myeusi ya kazi. "Ni mimi, daktari. Ni lile shimo langu. Nimemmaliza mwanangu." Akajifuta uso kwa mkono wa shati, kisha akaniona nilivyosimama, akanihurumia. Akanishika bega. "Lakini huyu msimlaumu. Huyu hakuwahi kumpa mtoto maji yasiyochemshwa hata siku moja. Ni mwalimu wa kemia, mke wangu."

Daktari akanigeukia. Akaniuliza kwa upole. Afadhali angenitukana.

"Mama, ulikuwa unayachemsha kiasi gani?"

Ningeweza kusema uongo, na mume wangu angeuamini mpaka anaingia kaburini.

"Mpaka yabaki nusu," nikasema.

Mume wangu akaitikia kwa kichwa, kwa fahari, machozi bado yanamtiririka.

"Umeona, daktari?" akasema. "Kila siku."