Kinyozi Ashika Hatamu

Mjini Vigan, kule Ufilipino, hakuna aliyewajua farasi kama Melecio kinyozi, ukimsikiliza mwenyewe. Miaka kumi na mitano alikuwa akiwanyoa waendesha kalesa, yale magari ya kukokotwa na farasi, basi akajiona kahitimu. Gari lenyewe magurudumu mawili tu, alisema, mchezo wa watoto.

Siku ya kwenda kumposa Fidela akaazima kalesa, akamwambia mzee mwenye kalesa abaki nyumbani, ataiendesha mwenyewe.

"Haya," mzee akasema. "Ila uzito upange mbele, na ukifika mlimani uwashushe abiria."

"Nimshushe mama yangu, atembee kama muuza samaki? Hiyo ndiyo posa, mzee?"

Akampakia nyuma mama yake, na shangazi Rosenda ambaye peke yake ni magunia mawili, na nguruwe wa kuchoma, na mtungi wa pombe ya miwa. Kesho yake alikuwa anakuja mposaji mwingine, aliyerudi kutoka Hawaii na meno ya dhahabu, na baba yake Fidela alishasema atachagua wiki hiyohiyo. Melecio hakutaka kuonekana mnyonge.

Walikwenda vizuri mpaka kilima cha kwa kina Fidela. Hapo shangazi akateleza nyuma, nguruwe akamfuata, na mikono ya gari aliyofungwa farasi ikainuka juu pamoja naye. Maskini mnyama akabaki ananing'inia, miguu inapiga hewa. Mama akaangukia matopeni, na mtungi ukapasuka juu yake.

"Vuta chini, Melecio."

"Nivute nini, shangazi?"

"Farasi, mjinga wewe."

Baba yake Fidela akatoka, akamshusha farasi. Naye alikuwa mwendesha kalesa tangu ujana. Akampapasa mnyama miguu, kisha akamwinua mama mtu, akamfuta tope kwa shati lake mwenyewe.

"Jana nilimwambia Fidela nimekuchagua wewe," akasema. "Hata ungekuja kwa miguu."

"Basi, baba, bado..."

"Mwenye gari hakukwambia uwashushe?"

Melecio akainamisha kichwa. "Aliniambia."

"Ukampakia mama yako mzazi kwenye kitu usichokijua, na ulipoambiwa hukusikia. Binti yangu mimi utampakia kwenye nini?"

Melecio akatazama juu. Fidela alikuwa dirishani, keshavaa nguo ya kupokelea wageni, analia. Akalisukuma dirisha taratibu, akalifunga.