Kulia Kwao, Kushoto Kwake

Kitu cha kwanza alichokigundua Kijiti ni kwamba mwalimu alikuwa akikosea mikono. Akisema, "Inueni mkono wa kulia," yeye mwenyewe huinua wa kushoto. Na si mara moja. Wanafunzi wa yoga walioketi kwenye mikeka mbele yake waliinua wa kulia bila hata kukunja uso, kana kwamba hawajaona kitu. Kijiti, ambaye wakati huo kazi yake ilikuwa kuifuta mikeka ile na kuikunja baada ya darasa, aliona haya kwa niaba yake. Mtu mzima, mwenye darasa lake na ukuta mzima wa kioo nyuma yake, hajui kulia na kushoto! Akarudi kwenye ufagio wake. Mambo ya wakubwa hayakumhusu.

Waliomwita Kijiti walimwita hivyo kwa wembamba wake. Alikuwa na mazoea ya kuiga mikao kule pembeni, ufagio ukiwa umeegemezwa ukutani, na siku moja mwalimu akamkuta amepinda kiuno kama tambi iliyoiva. Badala ya kumgombeza akamwambia, "Wewe una mwili wa kufundisha. Nitakuandaa." Kijiti akaitikia kwa kichwa. Ndivyo alivyojibu karibu kila swali tangu shuleni, alikoishia darasa la tano.

Akaingizwa katika kundi la wanaojiandaa kuwa walimu. Humo walikuwamo muuguzi mmoja mcheshi na mama mwenye duka la vipodozi, mnene, mwepesi kama pamba. Ndipo mwalimu alipoeleza.

"Ukiwatazama wanafunzi, wewe ni kioo chao. Unasema kulia kwao, unainua kushoto kwako."

Kumbe hakuwa anakosea! Kijiti alifurahi, lakini kwa muda mfupi sana. Kama mwalimu ndiye kioo, kile cha ukutani ni nini? Maana yeye mikao yote aliiokota kwa kutazama kioo kile, tena kutoka pembeni. Basi mkono wake wa kulia ulijifunza kulia, au ulijifunza kushoto kwa mwalimu kulikogeuzwa halafu kukageuzwa tena? Alipofika hapo kichwa kikamzunguka, akaenda kunywa maji.

Aliishi kwa dada yake, fundi wa nguo, na chumba cha mbele kilikuwa na vyerehani viwili. Kimoja kilikuwa kinamsubiri yeye.

"Mdogo wangu, mimi sikuzuii," dada alisema, pini kazibana midomoni. "Jumamosi unajaribiwa. Ukipita, nenda kafundishe watu kujikunja. Usipopita, Jumatatu unakaa hapa kwenye cherehani, na habari za kuvuta pumzi nisizisikie tena."

"Sawa, dada."

"Sawa ipi? Ya kupita au ya kukaa?"

Kijiti akaitikia kwa kichwa. Si kwamba alikichukia cherehani. Ila kokote alikoenda hakujua aiweke wapi mikono yake, na kwenye mkeka tu ndipo hakuona haya kuwa nayo. Jambo kama hilo utamwelezaje mtu mwenye pini mdomoni?

Shemeji yake alijitolea kuwa mwanafunzi. Akajilaza chali sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa.

"Vuta mguu wa kulia," Kijiti akaanza. "Hapana... huo mwingine. Hapana, si huo, mwingine."

"Mwingine upi, shemeji? Ninayo miwili tu, nayo yote umeshaikataa."

"Wa upande wa mlango."

"Haya. Na wanafunzi wako utawabebea mlango?"

Dada alicheka mpaka akazitema pini.

Kijiti akajifunga uzi mwekundu mkono wa kushoto: ukiinua wenye uzi, sema kulia. Ukasaidia, alimradi anamtazama shemeji. Alipogeuka kumwonyesha namna ya kukunja mgongo, uzi ukaanza kusema uongo. Akaukata. Ilipofika Ijumaa, alikuwa akivaa ndala moja anasimama kwanza, anaitazama, anajiuliza kama iko mahali pake.

Jumamosi mwalimu alikaa nyuma kabisa, kwenye kiti. Muuguzi na mama wa vipodozi walikuwa mstari wa mbele.

"Pumueni," Kijiti akasema. Wakapumua. Hapo hapakuwa na kulia wala kushoto. "Mguu wa kulia mbele. Sasa geuzeni kifua kushoto. Samahani, kulia. Kulia kwangu... kwenu. Kwenu ninyi."

Nusu wakageukia huku, nusu wakageukia kule. Muuguzi na mama wa vipodozi wakajikuta pua kwa pua.

"Za asubuhi," muuguzi akasema.

"Nzuri. Umekula vitunguu."

Darasa zima likaangua kicheko. Masikio ya Kijiti yakawaka moto. Alitafuta neno, neno lolote lile, akakuta hakuna hata moja lililobaki. Lakini mwili haukumsubiri. Mikono ikapanda, mguu ukasogea, kiuno kikazunguka kama kilivyozoea kule pembeni. Kicheko kikapungua. Mmoja akamfuata, halafu wote. Akiinama wanainama, akiinuka wanainuka, na mpaka mwisho hakutamka kitu.

Mwalimu alisimama, macho yamejaa machozi.

"Mmeona? Ameona maneno yanawavuruga, akayaacha. Hilo mtu hafundishwi. Kijiti, umepita! Jumatatu asubuhi unachukua darasa la wagonjwa wa mgongo."

Muuguzi akapiga makofi. Mama wa vipodozi akamkumbatia mpaka mbavu zikalia.

"Ila wale hulala chali, wamefumba macho tangu mwanzo," mwalimu akaendelea, huku akikunja kiti. "Hawatakuona, watakusikia tu. Yupo mmoja ukimpinda upande wake mbovu, hainuki siku hiyo. Lakini kwako wewe hilo si tatizo."

Kichwa cha Kijiti kilishaanza kuitikia chenyewe. Akakizuia katikati. Furaha yao ilimchanganya kuliko kicheko chao: hawa wanampongeza nani? Akinyamaza tu, na kunyamaza alikuwa hodari, Jumatatu yake ni ya mikeka. Akifungua mdomo, huenda ikawa ya cherehani. Na mahali fulani mtu asiyemjua atakuwa amelala amefumba macho, anangoja kuambiwa ageukie wapi.

"Mwalimu," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, mpaka muuguzi akageuka. "Maneno sikuyaacha. Yaliniacha yenyewe. Nilipotea pale mbele yenu, na hayo ya kioo sijayaelewa tangu siku ya kwanza. Naomba unieleze tena."