Maji ya Chupa za Bia

Mwaka ule vita vilipowafukuza watu wa Kongo wakavuka ziwa kwa mamia, kampuni ya bia nayo ikaona isipitwe na sifa ya wema. Ikaacha kupika bia siku mbili kwa wiki, ikajaza chupa zake maji yaliyochemshwa, ikazifunga kwa vizibo vilevile na kuzipeleka kwa lori hadi ufukweni, jirani na Ilagala, ambako kipindupindu kilikuwa kimeshaingia kwenye vibanda vya wakimbizi. Ubavuni mwa lori waliandika TUKO PAMOJA NANYI kwa herufi kubwa kuliko za jina la bia, na kwa kampuni ya bia hilo si jambo dogo.

Mgawaji wakamchagua Yusta, mjane wa Kiha aliyeuza pombe ya ndizi miaka ishirini na mikono yake haikuwahi kupasua chupa. Selestini, afisa wa kampuni, kijana wa shati lililonyooka kwa pasi, alimwambia kazi ni moja: watu wanywe maji haya, wasiguse ya ziwa. Wasipokunywa, lori litapelekwa kwingine.

Siku ya kwanza, mwanzoni, hakunywa mtu. Foleni ilisimama juani ikizitazama chupa kwa mashaka. Mbele kabisa alikuwa Mzee Yassir, aliyevuka kutoka upande wa Baraka, kamshika mkono mjukuu wake Shadia, mtoto wa miaka minane.

"Shikamoo, mzee. Karibu maji."

"Marahaba. Siye hatunywaka pombe, mama."

"Ni maji, mzee wangu. Chupa tu ndiyo ya bia."

Mzee hakunyosha mkono. Basi Yusta akafanya alivyofundishwa na mama yake. Kwa Waha atoaye kinywaji huonja kwanza. Usipoonja, ni sawa na kumwambia mgeni ajichunge. Akang'oa kizibo, akapiga funda, akafuta mdomo wa chupa kwa kiganja, akaitoa kwa mikono miwili. Mzee Yassir akacheka, maana hata ng'ambo adabu ni hiyohiyo. Akanywa, akampa Shadia. Foleni nzima ikanywa, na kila mtu alitaka aonjewe ya kwake. Selestini akapiga picha mpaka filamu ikamwishia. "Huu ndio upendo kampuni inaoutaka," akasema. "Nitawaambia wagawaji wote waige."

Yusta alirudi nyumbani siku hiyo kifua mbele. Na kwa nini asijivune? Tangu mumewe afe hakuna aliyemsifu kwa lolote.

Siku ya tano wakaanza kufa waliokunywa maji ya chupa. Waliokunywa ya ziwa walikuwa wakifa tangu mwanzo na hakuna aliyeuliza. Hawa wa chupa ndio waliotia watu hofu. Leonardi, nesi wa zahanati, alipeleka chupa mbili mjini zikapimwa, majibu yakarudi kwamba maji ni safi kabisa. Lakini mdomo wa mtu haufungwi kizibo. Ikasemwa kampuni imetia kitu. Foleni ikapungua. Yusta, moyo ukimuuma kwa watu wale, akaona dawa ni kuonja zaidi. Badala ya funda moja akapiga mawili, makubwa, ili hata wa mwisho aone koo lake likipanda na kushuka.

Ndipo alipomwona yule mwanamke.

Ilikuwa saa sita, jua la utosini. Alisimama nyuma ya Shadia, kitenge kimemganda mwilini, maji yakimchuruzika kwenye viwiko. Yalidondoka, lakini mchanga chini yake ulikuwa mkavu. Watu waliofuata walimwachia nafasi bila kumtazama, kama mtu anavyopisha moshi. Yusta akafungua chupa, akaonja, akampa. Mwanamke akatikisa kichwa. Hakuipokea. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa vilevile.

"Mama gani yule anayesimama nyuma yako?" Yusta alimuuliza Shadia.

"Ni mama," mtoto akasema bila hata kugeuka. "Haongeaka tangu mtumbwi ulipopinduka."

Mzee Yassir akamtazama Yusta kwa macho yaliyochoka. "Mtoto wangu alibaki ziwani, mama. Hatukumwonaka hata wa kuzika."

 Yusta akatamani kuacha kazi palepale, ila akafikiri, nikiacha, nani atawaonjea? Keshokutwa yake Mzee Yassir akafa. Aliharisha usiku mmoja tu, asubuhi akawa amekauka, na Shadia akabaki na majirani wa kibandani.

Siku waliyomzika, Shadia hakuwa kwenye foleni, lakini mwanamke alikuwepo, peke yake, mbele kabisa. Yusta akang'oa kizibo. Alipoinua chupa aonje, mwanamke akanyosha mkono na kuuziba mdomo wa chupa kwa kiganja. Midomo ya Yusta ikagusa mgongo wa mkono ule. Ulikuwa wa baridi, baridi ya maji ya kina. Kisha mwanamke akakishika kiganja cha Yusta, kilekile cha kufutia chupa, akakigeuza juu, akakitazama, akamtazama yeye.

Yusta aliiacha foleni na kreti zake. Alimkuta Leonardi ananawa mikono kwa dawa.

"Leonardi, mtu anaweza kuwa nacho asiumwe?"

"Kipindupindu? Wapo. Tumbo humwendesha siku mbili, likapoa, akaendelea kukigawa bila kujua. Kwa nini?"

Wiki ile kabla ya lori la kwanza tumbo lilimwendesha Yusta siku mbili. Alichemsha majani ya mpera, likatulia, akasahau. Tena kila asubuhi alinawa ziwani kabla ya kushika kifungulio.  Alichukua chupa iliyofungwa, akakimbilia kibanda alichoachwa Shadia.

Shadia alikuwa amelazwa kwenye mkeka, macho yamedidimia, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Yusta akamwomba jirani sabuni, akanawa hadi viwiko, akafungua chupa bila kugusa mdomo wake, akaipeleka kwa mtoto.

Shadia akafumba midomo.

"Kunywa, mwanangu. Kunywa nakuomba."

"Onja kwanza," Shadia akanong'ona. "Babu alisema tusinywaka asiponywa mwenye kutoa."

"Leo siwezi kuonja."

Mtoto akageuza uso ukutani. Alilelewa vizuri, na malezi hayo sasa yalikuwa yanamuua. Yusta akalia kwa sauti. Akaiinua chupa, akasema kwa yeyote anayesikia, "Mwonjee wewe. Mimi nina kifo mkononi."

Chupa ikawa nyepesi kidogo. Aliona kwa macho yake maji yakishuka shingoni mwa chupa, funda moja, wala hapakuwa na mdomo. Mkeka ukanukia mwani.

"Ahsante, mama," Shadia akasema, si kwake. Akainua kichwa, akanywa, akanywa tena, mpaka chupa ikaisha akaomba nyingine.

Yusta alimwita Leonardi aje akae na mtoto, akarudi kwenye kreti. Foleni ilikuwa bado inamsubiri, ndefu kuliko siku zote, kwa kuwa mzee aliyezikwa alikuwa rafiki wa wote, waliotoka kumzika walikuja na kiu, na hofu ya ziwa ilishinda ya chupa. Mbele alikuwa Elia, mvuvi aliyemzika mkewe Jumanne. Siku ile ya msiba alimshika Yusta mikono yote miwili, akamshukuru kwa kumwonjea marehemu mpaka siku ya mwisho.

"Mama Yusta," Elia akasema, "mbona leo hutuonjei?"

Mwanamke wa kitenge hakuwepo tena. Yusta akaweka kifungulio juu ya kreti, akaficha mikono mgongoni, akaanza kumwambia.